Si Waya Tu: Kuchagua Nyaya na Plagi za Ala ya Umeme Nyumbani

Harufu ile niliitambua kabla sijauona moshi. Ilikuwa harufu ya plastiki iliyoungua, kali, yenye kukamata koo, nayo ilitoka chumbani mwa binti yangu punde tu baada ya sala ya Isha. Nilipofungua mlango nilimkuta ameketi mkekani, mikono imelala mapajani, na mbele yake kisanduku cha mbao chenye vitufe na matundu, taa zake ndogo zote zimezimika. Hakulia. Alisema tu, "Mama, nimeigeuza waya."

Wasomaji wapenzi, makala haya yametokana na waya ile moja. Nayaandika kwa ajili ya kila mzazi ambaye ana kijana mwenye kupenda vyombo vya umeme, na kwa ajili ya kila mwanamke ambaye droo ya nyumbani mwake imejaa nyaya asizojua ni za nini.

Sisi ni watu wa Mombasa, lakini huu ni mwaka wa saba tunaishi Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria, kwa sababu ya biashara ya baba watoto. Yeye huuza vitambaa, na wiki nzima huwa njiani baina ya Homa Bay, Rongo, mji wa Migori na mpakani Isebania. Mimi nina cherehani yangu sebuleni. Hushona mabuibui, sare za wanafunzi na nguo za arusi. Hatukujiona wageni sana tulipofika, kwani hapa mkoani ziwa Waislamu wamekuwapo kwa vizazi kadhaa, hasa Kendu Bay. Binti yetu ana umri wa miaka kumi na tisa. Amemaliza kidato cha nne na anangoja nafasi ya kusomea ufundi wa umeme.

Kisanduku kile aliletewa na mjomba wake aishiye Uingereza. Baada ya hapo sehemu nyingine mbili nilimnunulia mimi kwa fedha nilizopata katika zamu yangu ya chama. Kwa hiyo usiku ule haikuungua plastiki peke yake. Iliungua kazi ya miezi ya cherehani.

Baba yake aliporudi kutoka Migori siku ya Alhamisi, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno moja: chombo ambacho huteketea kwa kugeuza waya si chombo cha kuweka nyumbani penye watoto wadogo. Sikuweza kumlaumu. Nilimwomba mwezi mmoja tu, tujifunze kosa lilikuwa wapi. Na ikiwa baada ya mwezi huo hatujaweza kumwonyesha kwamba chombo hiki chaweza kutumiwa kwa salama, kitauzwa. Akakubali.

Kisanduku chenyewe

Kinanda cha umeme cha arusini sote tunakijua. Ukibonyeza hulia, kwa kuwa aliyekiunda amekwisha kuunganisha kila kitu ndani, na mpigaji hana haja ya kujua njia za sauti. Ala ya binti yangu ni ya namna nyingine. Huitwa sintesaiza ya moduli, na ndani yake hakuna kilichounganishwa isipokuwa umeme wa kuendeshea. Kila moduli ni kibao chembamba chenye kazi moja. Mmoja hutoa mlio, mwingine huuchuja mlio kama tunavyochuja chai, wa tatu hupandisha na kushusha ukubwa wa sauti, wa nne huhesabu mapigo. Ili mlio utoke wa kwanza na kufika wa mwisho, mtu lazima atie waya fupi kutoka tundu hadi tundu. Waya hizo hizo hupitisha na amri: katika ala nyingi za aina hii, ukiongeza volti moja tu mlio hupanda oktava moja kamili.

Basi waya hapa ndiyo nusu ya ala. Jirani yetu mmoja Mjaluo, mzee apigaye nyatiti, alipokiona kisanduku alisema ameelewa mara moja. Nyatiti ina nyuzi nane, zamani za kano za ng'ombe na siku hizi nyingi za nailoni, na mpigaji asiyejali nyuzi zake hana ala, ana ubao na ngozi tu.

Wanazuoni wana kauli zao juu ya ala za muziki, na kila nyumba ina msimamo wake. Ukurasa huu si mahali pa kuamua jambo hilo. Lakini ni vema kijana ajue kwamba fikra ya chombo cha sauti kinachotii amri haikuanzia mbali na sisi. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, ndugu watatu waitwao Banu Musa waliandika juu ya ala ya kupulizwa iliyojipiga yenyewe kwa nguvu ya maji, na mpangilio wa sauti zake uliweza kubadilishwa. Mwaka 1944, mjini Cairo, Halim El-Dabh alirekodi sauti za wanawake katika sherehe yao juu ya uzi mwembamba wa chuma, akazibadilisha studioni zikawa kitu kipya. Miaka ya 1960 Wamarekani Robert Moog na Don Buchla wakaunda sintesaiza za moduli, na katikati ya miaka ya 1990 Dieter Doepfer wa Ujerumani akaeneza kipimo kidogo cha moduli ambacho ndicho kilichotumika zaidi mpaka leo. Kisanduku cha binti yangu ni cha kipimo hicho.

Plagi ilikotoka

Plagi ya duara tunayoitia katika simu, redio na kipaza sauti ina asili ya kufurahisha. Ilizaliwa katika vituo vya simu vya karne ya 19. Kituo cha kwanza cha biashara kilifunguliwa New Haven, Marekani, Januari 1878, na mnamo Septemba mwaka huo huo Emma Nutt akawa mwanamke wa kwanza kuajiriwa kuunganisha simu, mjini Boston. Katika miaka iliyofuata kazi hiyo ikawa ya wanawake, nao waliifanya kwa kuketi mbele ya ubao wa matundu na kutia plagi ya mpigaji katika tundu la mpigiwa. Plagi ile nene ya milimita 6.35 inayotumika leo katika magitaa na mikisa ni mjukuu wa plagi zao. Nilipomsimulia binti yangu habari hii alicheka, akasema kumbe shughuli yake ni ya kike tangu awali.

Sasa tuje katika kuchagua, hatua kwa hatua, kama tulivyojifunza.

Kwanza, kipimo cha plagi

Usinunue waya kwa kusema "ile ya sauti". Zipo nyingi. Ala kubwa zinazofuata kipimo cha Moog hutumia plagi nene ya milimita 6.35. Ala za kipimo cha Doepfer hutumia ndogo ya milimita 3.5, ambayo kwa unene ni sawa na ya hedifoni za simu. Ala za Buchla, kwa upande wa amri, hutumia plagi ya pini moja ambayo mafundi huiita ya ndizi. Uzuri wake ni kwamba plagi moja huweza kutiwa mgongoni mwa nyingine. Lakini plagi ya ndizi haina waya ya kurudishia umeme, hivyo visanduku viwili vya aina hiyo haviwezi kusemezana mpaka viunganishwe kwa waya nyingine ya ardhi.

Njia rahisi ni kuchukua plagi moja ya zamani kwenda nayo dukani, kama mshonaji anavyochukua kipande cha kitambaa kwenda kutafutia uzi wa rangi yake. Adapta ya kugeuza kipimo ipo, nayo ni msaada wa dharura. Ikikaa siku zote huwa nzito, hulivuta tundu na kulilegeza.

Pili, hesabu pete nyeusi

Itazame plagi karibu na ncha. Utaona pete nyembamba za plastiki zilizogawanya chuma. Pete moja maana yake chuma kimegawika sehemu mbili: hiyo ni plagi ya sauti moja, ambayo ndiyo halali ya moduli. Pete mbili ni ya sauti pacha, kwa sikio la kulia na la kushoto. Pete tatu ni ya hedifoni za simu zenye maikrofoni.

Katika maduka mengi ya mji wa Migori, na hata hapa Homa Bay, tulizozikuta ni za pete mbili, zile za kuunganisha simu na redio ya gari. Aliye mbali na mji mkubwa asikate tamaa. Mara nyingi waya ya pete mbili hufanya kazi katika tundu la sauti moja. Kinachopasa kuepukwa ni kutia waya ya sauti moja katika tundu la hedifoni la sauti pacha, kwa kuwa hapo upande mmoja wa sauti hugusishwa na ardhi, na kifaa chaweza kuchoka. Plagi za pete tatu tumeziweka kando kabisa.

Tatu, mwili wa plagi na mshono wake

Matundu ya moduli yamebanana. Plagi yenye shingo nene haitakaa jirani na mwenzake, na ile iliyopinda kama kiwiko itafunika tundu la pili. Tafuta shingo nyembamba iliyonyooka.

Kisha tazama mahali waya inapoingia katika plagi. Waya hufia hapo mara nyingi kuliko mahali pengine popote, sawasawa na vazi linavyochanika kwapani. Pawe na mkono mlaini wa mpira unaopinda kidogo kidogo. Kama waya inaingia ghafla na kukunjika kwa pembe kali, iache hata ikiwa inang'aa.

Na mng'ao usikudanganye. Dhahabu iliyopakwa juu ya plagi haipati kutu, lakini tabaka lake huwa jembamba na huchubuka kwa kutiwa na kutolewa. Nikeli ni ngumu zaidi na yafaa kwa kazi ya kila siku. Kati ya plagi ya rangi ya dhahabu yenye mshono mbovu na ya nikeli yenye mshono imara, chukua ya pili.

Zipo plagi zilizogandishwa kwa plastiki na zipo zinazofunguliwa kwa kuzungusha. Zile za kugandishwa ni nafuu, ila zikikatika ndani hazina tiba. Za kufunguliwa huweza kulehemiwa upya, nami kama fundi cherehani nazipenda, kwani mshono unaofumulika ni mshono unaorekebishika. Sisi tulinunua plagi tupu na mita kadhaa za waya laini, binti akalehemu zake mwenyewe. Anayelehemu afungue madirisha, asivute moshi ule, awaweke mbali watoto wadogo, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kwani vifaa vingi vya kulehemia vina risasi ndani yake.

Nne, urefu na rangi

Waya fupi mno huvuta tundu. Ndefu mno hufunika vitufe na kusokotana kama nywele za mtoto aliyetoka kulala. Kwa kisanduku kidogo cha moduli sita hadi nane, waya kumi na sita zatosha kuanzia. Sisi tulifanya sita za sentimita 30, sita za sentimita 45 na nne za sentimita 60.

Rangi si pambo. Binti yangu ametenga nyekundu kwa sauti yenyewe, buluu kwa amri za kupandisha na kushusha, njano kwa mapigo. Kosa likitokea hufuata rangi moja tu, hahitaji kufumua kila kitu. Mwenye waya za rangi moja na afunge uzi wa rangi penye shingo. Mimi nilimpa mabaki ya nyuzi za kudarizia.

Tano, pima kabla ya kulipa

Dukani usione haya. Kipimo cha umeme kiitwacho maltimita hupatikana kwa bei ya kawaida, na kingi hutoa mlio pale umeme unapopita. Gusisha ncha ya plagi hii na ncha ya plagi ya pili: lazima kilie. Gusisha shingo na shingo: kilie. Gusisha ncha na shingo: kinyamaze. Kisha rudia cha kwanza huku unaipinda waya taratibu penye maungio. Mlio ukikatika, hata mara moja, waya hiyo ni mgonjwa.

Katika kifurushi kimoja cha waya kumi tulichonunua, mbili zilikatika mlio tulipozipinda. Bila kupima, binti yangu angehangaika siku nzima akidhani moduli imekufa. Muuza duka wa kweli hatakataa kupimiwa bidhaa yake. Na anayekataa amekwisha kukujibu.

Waya iliyotuunguza

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Waya zote nilizozitaja hupitisha volti chache tu, si zaidi ya kumi na kitu. Haziui mtu, na ukikosea tundu mara nyingi utapata ukimya au mlio usioutaka, basi. Waya iliyotuunguza ilikuwa nyuma ya kisanduku.

Kila moduli hupata umeme wake kwa waya bapa kama utepe, yenye nyaya ndogo nyingi zilizoshikana ubavu kwa ubavu. Kwa kawaida upande mmoja una matundu kumi na sita na wa pili kumi. Humo hupita volti chanya 12, volti hasi 12 na ardhi. Kando ya utepe pana mstari mwekundu, na mstari huo ndio upande wa volti hasi 12. Ukiuchomeka utepe kinyume, chanya huingia palipo hasi, na kama aliyeunda moduli hakuweka kinga ndani, kinachofuata ni moshi. Binti yangu alikuwa akirudisha moduli mahali pake usiku, kwa mwanga wa simu, na mstari mwekundu ulikuwa umeelekea juu badala ya chini.

Kanuni alizojiwekea tangu siku ile ameziandika kwenye kadi na kuigundisha ndani ya kifuniko. Hachomeki utepe umeme ukiwa umewashwa. Hafanyi kazi hiyo usiku wala akiwa na usingizi. Husoma maandishi ya moduli yenyewe na ya ubao wa umeme, hategemei desturi ya moduli nyingine, kwa kuwa si wote huelekeza mstari upande mmoja. Hununua utepe wenye ukingo, yaani plagi yenye jino linaloingia upande mmoja tu. Na kabla ya kuwasha humwita mtu wa pili atazame. Mara nyingi mtu huyo ni mimi, ambaye sijui umeme. Lakini mstari mwekundu nauona. Mdharau mwiba mguu huota tende, na sisi tuliudharau mstari wa rangi.

Juu ya hayo yote upo umeme wa ukutani, ambao nchini Kenya ni volti 240, na huo ndio wenye kuua. Kwake hakuna kujaribu. Plagi ya pini tatu iwe na fyuzi inayolingana na kifaa, na kwa adapta ndogo kama yetu fyuzi ya ampea 3 yatosha. Waya iliyochubuka hubadilishwa, haizungushiwi plasta na kusahauliwa. Kijana anayejifunza asifungue kamwe sanduku la umeme wa ukutani bila fundi aliyehitimu kuwa kando yake.

Unyevu, radi na masikio

Huku ziwani hewa ina unyevu, na chuma cha plagi hufifia. Nyinyi mlio Mombasa, Malindi na Lamu mna zaidi ya hilo, kwani chumvi ya bahari hula chuma haraka kuliko mvuke wa ziwa. Dawa yake ni ndogo. Futa plagi kwa kitambaa kikavu, zihifadhi katika kopo lenye kifuniko, na utie humo vile vifurushi vya punje vinavyokuja ndani ya visanduku vya viatu, ambavyo hunywa unyevu. Waya usiizungushe kwenye kiganja kwa nguvu. Ilaze katika duara lake la asili, au itundike.

Radi ni jambo jingine. Anayeishi Homa Bay, Migori au juu kule Kisii anaijua mvua ya alasiri na ngurumo zake. Mawingu yakianza kukusanyika, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Na masikio yana haki yake. Sauti itokayo katika moduli ina nguvu mara kadhaa kuliko ile ya simu au redio, hivyo hedifoni zisitiwe moja kwa moja katika tundu lolote la moduli. Zipitie kwanza katika kifaa cha kupunguza, kitufe kikiwa chini kabisa, ndipo kipandishwe polepole. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa watu wazima, na desibeli 75 kwa watoto. Sikio likishaharibika kwa kelele halirudi lilivyokuwa.

Elimu isiyokaa ndani ya kisanduku

Wiki ya tatu ya mwezi wetu, mume wangu alirudi nyumbani na waya ndefu mkobani. Ilikuwa ya kipaza sauti cha madrasa ya mtaani. Kwa muda mrefu kilikuwa kikiguguma na kunguruma wakati watoto wanaposoma, na mwalimu alikwisha kuwatangazia wazazi mchango wa kununua kipya. Hakusema mengi. Aliiweka waya mezani, mbele ya binti yake, akaenda kutawadha.

Waya ile ilikuwa na plagi nene ya pini tatu, ambayo mafundi wengi huiita kenoni. Binti yangu alinieleza kwa nini ina pini tatu. Moja ni ya ardhi. Mbili hubeba sauti ile ile, lakini ya pili imepinduliwa. Kelele zinazodakwa njiani huingia zote mbili kwa namna moja, na mwishoni kifaa kikiipindua tena ile ya pili, kelele hufutana na sauti hubaki. Kwa hiyo waya ya maikrofoni huweza kwenda mita nyingi ukumbini bila kunguruma, pale ambapo waya ya kawaida ingedaka vumbi lote la umeme wa nyumba.

Alitoa maltimita. Pini ya kwanza ililia, ya pili ikalia, ya tatu ikanyamaza. Akafungua shingo, na hapo akaukuta uzi mmoja mwembamba wa shaba umekatika penye maungio, pale pale ambapo waya hufia. Aliukata, akauchuna, akaulehemu, akafunga. Haikuchukua muda wa kuiva chungu cha wali. Kipaza sauti kilikuwa kizima siku zote.

Jioni ya pili baba yake alitoka madrasa, akakaa kitako kwenye kochi na kuomba aonyeshwe kadi iliyogundishwa ndani ya kifuniko. Aliisoma kanuni moja baada ya nyingine, akauliza kuhusu fyuzi, akauliza kuhusu radi, kisha akataka kuonyeshwa mstari mwekundu uko wapi. Binti akamwonyesha. Kisanduku kiliwashwa baada ya wao wawili kuutazama pamoja.

Moduli iliyoungua haikupona. Fundi wa redio wa Migori aliijaribu kwa uaminifu, akairudisha akisema hana kipuri chake, wala hakutaka malipo. Tumeiweka dirishani chumbani mwa binti, na pengo lake kisandukuni limezibwa kwa kibao cha mbao mpaka zamu yangu ya chama itakapofika tena, inshallah.

Nasi akina mama, tunapoombwa fedha za waya tusiishie kuuliza bei yake. Tuulize inatoka wapi, inaingia wapi, na ikigeuzwa itakuwaje. Kijana mwenye majibu matatu hayo tayari amefikiri kabla ya kuchomeka, na huyo yafaa kumsaidia.